SOMO LA KIKUNDI: MABAKI YA JIKONI YAWE MBOJI, HATA KWA ASIYE NA SHAMBA



Katika mikutano ya matawi yetu ya Uganda, iwe kwenye mashamba ya miwa na chai au kwenye viwanda vya Jinja na Kampala, liko neno linalofuata kila mara baada ya mshahara na saa za ziada. Neno hilo ni takataka. Wakaaji wa laini wanasema shimo limejaa. Wapangaji wa mizigo, yaani vyumba vya kimoja kimoja mjini, wanasema gari la taka halifiki, na likifika linataka fedha. Nzi wamezidi, panya wamezidi, watoto wanaharisha.

Somo la leo linafundisha jambo moja ambalo mfanyakazi anaweza kulianza jioni hii hii: kugeuza maganda na mabaki ya chakula kuwa mboji ndani ya ndoo, katika chumba kimoja, bila shamba wala ua. Lisomwe kwa sauti katika kikundi. Msomaji asimame mwisho wa kila sehemu, watu waulize. Asiyejua kusoma asione haya, kwa maana kazi hii ni ya mikono na kila mtu aliyepika anaielewa.

1. KWA NINI TUJIFUNZE

Tarehe 10 Agosti 2024, mlima wa taka wa Kiteezi, kaskazini ya Kampala, uliporomoka juu ya nyumba za watu. Walikufa watu zaidi ya 30. Wengi waliokuwa wakiishi pale chini ni maskini kama sisi, na wengine kazi yao ilikuwa kuokota vitu vya kuuza katika taka hizo. Sehemu kubwa ya taka za Kampala si chuma wala plastiki. Ni maganda ya matoke, ya viazi, ya muhogo, na mabaki ya chakula. Vitu hivyo vikirundikwa bila hewa, vinaoza vibaya. Vinatoa gesi ya methani inayoweza kuwaka, na maji meusi yanayopenya hadi kwenye visima na mito.

Sababu ya pili ni tumbo. Mwenye kununua mkungu wa matoke analipia uzito wote, lakini theluthi moja ya uzito huo, au zaidi, ni maganda. Ukiyatupa, umetupa fedha. Ukiyafanya mboji, yanarudi mezani kama doodo, nakati au sukuma wiki.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Kama jirani ana mbuzi, ng'ombe au nguruwe, maganda mazuri yaende kwa mnyama kwanza, naye atakurudishia samadi. Mboji ni kwa mabaki ambayo mnyama hali, au pale ambapo hakuna mnyama karibu.

2. MBOJI INAFANYIKAJE

Wanaoifanya mboji si sisi. Ni vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, pamoja na kuvu. Vijidudu hivyo ni kama wafanyakazi: vinahitaji chakula, maji, hewa na nafasi ya kazi. Ukivinyima kimoja, vinagoma.

Chakula chao ni cha namna mbili. Kuna vitu vibichi vyenye majimaji, kama maganda na mboga. Hivyo vina nitrojeni nyingi. Kuna vitu vikavu, kama majani makavu ya mgomba, maboksi na maranda ya seremala. Hivyo vina kaboni nyingi. Wataalamu wanasema vijidudu hufanya kazi vizuri vikipata karibu sehemu 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya nitrojeni. Hatuna mizani ya kupimia hayo, kwa hiyo tunatumia bakuli: bakuli moja la vitu vibichi, mabakuli mawili ya vitu vikavu. Vibichi vikizidi, ndoo inanuka. Vikavu vikizidi, ndoo inalala, haiozi.

Elimu hii ni ya zamani kwa wakulima wa Asia na Afrika. Mwingereza mmoja, Albert Howard, aliyefanya kazi Indore nchini India kuanzia 1924 hadi 1931, aliichunguza na kuiandika kwa utaratibu, na mwenyewe alikiri kwamba wakulima wa huko ndio waliokuwa walimu wake. Marundo yake yalikuwa makubwa, yakageuzwa mara kadhaa, na yakaiva kwa miezi mitatu.

Tofauti ya rundo kubwa na ndoo yetu ikumbukwe. Rundo la mita moja kila upande linapata joto kali ndani yake, nyuzi 55 hadi 65, na joto hilo linaua vijidudu vya magonjwa na mbegu za magugu. Ndoo ya lita 20 haipati joto hilo. Inaoza polepole ikiwa baridi. Ndiyo maana kuna vitu ambavyo rundo la shambani huweza kuvistahimili lakini ndoo ya chumbani haviwezi kamwe. Tutavitaja katika sehemu ya 5.

3. VYOMBO

Tafuta vitu hivi:

(a) Ndoo mbili za lita 20 zenye vifuniko. Chukua zilizokuwa na mafuta ya kupikia au chakula.
(b) Karai au sinia la zamani la kuwekea chini.
(c) Vipande viwili vya tofali.
(d) Gunia moja la kusukwa, lililobeba sukari, mchele au mahindi.
(e) Kitambaa chepesi na kamba.

Pasha msumari moto, toboa ndoo chini matundu kama 15, kisha mistari miwili ya matundu kuzunguka ubavuni, karibu na juu. Ya chini ni ya kutoa maji, ya juu ni ya kuingiza hewa. Funga kitambaa juu ya matundu ya ubavuni ili nzi wasipite. Simamisha ndoo juu ya vipande vya tofali ndani ya karai.

Sasa sikilizeni vizuri, hasa ndugu wa mashambani. Msitumie kamwe ndoo, dumu wala jerikeni iliyobeba dawa ya kuua magugu au wadudu, hata ikiwa imeoshwa mara kumi. Sumu inaingia katika plastiki yenyewe. Itatoka katika mboji, iingie katika mboga, imfikie mtoto. Vyombo hivyo havitakiwi hata kufika nyumbani. Kama stoo ya kampuni inawaachia wafanyakazi wavichukue, hilo ni jambo la kupeleka kwa mwakilishi wa usalama kazini.

4. KAZI YA KILA SIKU

Hatua ya kwanza: weka chini ya ndoo vitu vikavu kimo cha vidole vinne. Tupia juu yake konzi mbili za udongo mweusi kutoka chini ya mti au mgomba. Udongo huo ndio unaoleta vijidudu, kama chachu katika unga.

Hatua ya pili: kila jioni baada ya kupika, katakata maganda vipande vidogo kama kidole gumba. Kipande kidogo kinaoza upesi. Yachuje maji kwanza, ndipo uyatie.

Hatua ya tatu: funika maganda na mabakuli mawili ya vitu vikavu kwa kila bakuli moja la vibichi. Ganda lisionekane kabisa. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Nzi hawezi kutaga mahali asipopafikia.

Hatua ya nne: mara mbili kwa wiki, koroga kwa kijiti mpaka chini, hewa ipate kuingia. Kisha funika tena na vitu vikavu.

Hatua ya tano: pima maji kwa mkono. Chukua konzi, uikamue. Likitoka tone moja au mawili, ni sawa. Maji yakichuruzika, ongeza vikavu. Ikimeguka kama vumbi, nyunyiza maji kidogo.

Nyumba ya watu watano inayopika kila siku itajaza ndoo moja upesi. Mboji nayo inataka miezi mitatu hadi minne ili iive. Tukipiga hesabu hiyo, ndoo mbili hazitoshi. Ndipo gunia linapoingia kazini. Ndoo ni ya kukusanyia, gunia ni la kukomazia. Ndoo ya kwanza ikijaa, anza ya pili, huku ukiiacha ya kwanza itulie na kushuka. Ya pili inapokaribia kujaa, mimina ya kwanza ndani ya gunia. Gunia linapumua kwa pande zote, na yaliyomo yanaendelea kushuka, hivyo litapokea ndoo kadhaa. Lisimamishe juu ya mawe penye kivuli barazani, au katika pembe ya chumba juu ya karai, na uandike tarehe ya ndoo ya mwisho. Miezi mitatu huhesabiwa toka tarehe hiyo.

Vitu vikavu tuvipate wapi? Maranda kwa seremala, lakini si ya mbao zilizopakwa rangi au dawa. Maboksi dukani, yachanwe vipande. Maganda ya karanga na ya kahawa. Majani makavu ya mgomba. Ndugu wa viwanda vya sukari wataniambia makapi ya miwa ni mengi. Ni kweli, na yanafaa. Lakini kiwanda kinayachoma kuendesha boila, kwa hiyo ni mali ya kampuni. Usichukue hata mfuko mmoja bila ruhusa ya maandishi. Mtu anaweza kufukuzwa kazi kwa kosa la wizi kwa sababu ya kitu ambacho jana kilikuwa takataka. Tawi liombe ruhusa kwa niaba ya wote.

5. KINACHOINGIA NA KISICHOINGIA

Viingie: maganda ya matoke, viazi, muhogo, maembe na mananasi, mabua na majani ya mboga, majani ya chai yaliyotumika, makapi ya kahawa, maganda ya mayai yaliyopondwa, posho au maharage yaliyobaki, lakini kidogo kidogo na yafukiwe katikati.

Visiingie: nyama, samaki, mifupa na mafuta, maana vinaita panya, kinyesi cha mtoto, cha mbwa au cha paka, kwa sababu ndoo haina joto la kuua magonjwa na minyoo ya tumbo, kavera na plastiki ya kila namna, betri, nyasi zilizopigwa dawa ya magugu, kwa sababu dawa nyingine hudumu ndani ya nyasi na kuua mboga zako baadaye.

Majivu ya kuni au ya makaa ya sigiri yanaruhusiwa, yakiisha kupoa, konzi moja kwa wiki. Majivu ya mahali palipochomwa plastiki hayaruhusiwi.

6. MATATIZO NA DAWA YAKE

Inanuka kama yai bovu. Hewa imekosekana na maji yamezidi. Koroga, ongeza vikavu, acha kifuniko wazi kidogo kwa usiku mmoja huku kitambaa kikifunika mdomo.

Inanuka mkojo. Nitrojeni imezidi. Ongeza maranda au maboksi.

Visubi vya matunda vinaruka. Ganda limeachwa wazi. Funika kwa vikavu vidole vitatu, na usitie matunda kwa siku tano.

Sisimizi wamehamia ndani. Ndoo ni kavu. Nyunyiza maji, koroga.

Maji meusi yamejaa katika karai. Yamwage kila siku, yasikae yakazaa mbu. Ukitaka kuyatumia, changanya kikombe kimoja na vikombe kumi vya maji, umwagie udongo chini ya mche, si majani ya mboga unayokula.

Mboji iliyoiva ni nyeusi, nyepesi mkononi, na harufu yake ni ya ardhi baada ya mvua ya kwanza. Huwezi kutambua tena ganda gani lilikuwa la nini, isipokuwa la yai. Kwa uhakika zaidi, jaza kopo, panda mbegu kumi za maharage. Zikiota vizuri na majani yake yakiwa mazima, imeiva. Zikioza au miche ikipauka, subiri mwezi mmoja.

7. MBOJI IKISHAIVA

Asiye na shamba atapanda katika gunia. Changanya sehemu mbili za udongo na sehemu moja ya mboji. Chukua kopo kubwa lisilo na vitako, lisimamishe katikati ya gunia, ulijaze kokoto, uzungushie udongo, kisha uvute kopo juu na kujaza tena, mpaka gunia lijae na mnara wa kokoto ubaki katikati. Maji yatapita katika kokoto na kufika hadi chini. Toboa matundu ubavuni kwa kupishana, upande sukuma wiki au nakati, na juu upande doodo. Gunia linachukua mahali pa kiti kimoja. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanatosha kulinywesha siku nyingi. Maji ya sabuni usiyatie.

Asiyetaka kupanda anaweza kuuza mboji kwa wenye vitalu vya miche, au kumpa mkulima jirani kwa kubadilishana na chakula.

8. NJIA YA MINYOO

Wako wanaotumia minyoo myekundu, ile midogo inayopatikana katika samadi ya ng'ombe iliyokaa. Wataalamu huiita Eisenia fetida. Siyo ile minyoo mikubwa ya ardhini, ambayo haipendi kufungiwa. Inakaa katika sanduku la giza lenye maboksi yaliyochanwa na kuloweshwa, na inakula maganda upesi kuliko vijidudu peke yao. Kinyesi chake ni mbolea bora sana.

Lakini minyoo ni mifugo, inataka uangalizi. Inapenda nyuzi 15 hadi 25 za joto. Chumba chenye paa la bati lisilo na dari, saa nane mchana, kinaweza kuiua yote. Malimau, pilipili na chumvi haivitaki. Kwa hiyo ninashauri aanze mtu na ndoo ya kawaida, aizoee, ndipo ajaribu minyoo, na aiweke mahali penye ubaridi.

9. AFYA YA MWENYE KUFANYA KAZI

Nawa mikono kwa sabuni kila ukimaliza. Mwenye kidonda afunge, maana udongo na mbolea huweza kubeba pepopunda. Usikoroge mboji iliyokauka ukavuta vumbi lake. Inyunyizie maji kwanza. Mwenye pumu asipewe kazi hiyo.

Kwa ndugu wa sukari nasisitiza: makapi ya miwa yaliyokaa na kuota ukungu yakikauka, vumbi lake huleta ugonjwa wa mapafu unaojulikana tangu zamani katika viwanda vya sukari. Dalili zake ni kikohozi, homa na kukosa pumzi. Yaloweshwe nje kabla ya kubebwa, na yasilazwe makavu ndani ya chumba wanamolala watu.

10. NDOO SI BADALA YA HAKI

Sasa tuseme kama wanachama. Hatujifunzi somo hili ili mwajiri apumzike. Katika shamba moja nililotumwa na chama, shimo la taka la laini lilikaa miezi bila kuzolewa. Wanachama walipolalamika, msimamizi aliwajibu kwamba wao wenyewe ni wachafu. Jibu la namna hiyo tusilikubali. Mkataba namba 110 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wafanyakazi wa mashamba makubwa, unahesabu maji, mahali pa kupikia na vyombo vya usafi kuwa sehemu ya makao ya mfanyakazi. Hata tukiwa na ndoo katika kila chumba, bado zitabaki kavera, chupa, makopo na mifupa. Hizo lazima zizolewe.

Vilevile, gunia la mboga si nyongeza ya mshahara. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa kisheria Uganda mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na mswada mpya uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukupata sahihi ya Rais. Akitokea bosi kusema, "Mnazo mboga zenu, mnataka nyongeza ya nini?", ajibiwe kwamba mboga hizo tumezilima baada ya saa za kazi, kwa taka zetu wenyewe.

Tena tutazamane nyumbani. Mama amechuma chai tangu alfajiri, amepika, ameosha watoto. Tusimwongezee ndoo juu ya mzigo wake. Kukata maganda, kukoroga na kutafuta maranda kugawanywe kati ya baba, mama na vijana.

Tawi linaweza kudai mambo manne:

(a) Taka za laini zizolewe kwa siku maalumu, na siku hiyo ibandikwe ubaoni.
(b) Wakaaji waruhusiwe kuweka magunia yao barazani bila kung'olewa kila meneja anapobadilika.
(c) Kampuni itoe ruhusa ya maandishi ya kuchukua makapi kwa kiasi kitakachokubaliwa.
(d) Vyombo vya dawa vitobolewe na kuhesabiwa, visitoke stoo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika laini au mtaa wenu, taka zinakwenda wapi? Nani analipa, na nani anaugua?
2. Kila mmoja apime kwa wiki moja: maganda yake ni mabakuli mangapi kwa siku? Mboga anazonunua kwa mwezi ni shilingi ngapi?
3. Vitu vikavu gani vinapatikana karibu nanyi bila kuvunja sheria ya kampuni?
4. Je, vyombo vya dawa vinaonekana majumbani? Mtafanya nini kuviondoa bila kumtia hatarini mwenye navyo?
5. Nyumba nne zikishirikiana gunia moja, zamu zipangweje ili mtu mmoja asibebe kazi ya wote?

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao: kila kikundi kianze ndoo moja, iwekwe kwa mwanachama mmoja, na katibu aandike tarehe. Baada ya wiki nne ndoo iletwe mkutanoni, ifunuliwe mbele ya wote, inuswe. Ikinuka, tutatafuta sababu pamoja kwa kufuata sehemu ya 6. Ikiwa inanuka ardhi, kila nyumba ianze ya kwake.

Haba na haba hujaza kibaba. Umoja wetu ndio nguvu yetu.